Mchezo Usiopiga Hodi

Mke wangu Trizah alitengeneza mchezo mmoja tu wa kompyuta maishani mwake, na pale nyumbani ni mimi peke yangu ambaye sikuwahi kuufikia mwisho. Watoto wa majirani waliumaliza. Phelesia, dada yake mdogo, aliumaliza mara nyingi mpaka ukawa kwake kama kusuka nywele. Mimi nilikuwa nikifika mahali fulani naona mashine imenyamaza, nabonyeza kitu, na mchezo unarudi mwanzo. Trizah anacheka hadi anashika ukuta. Nikimwuliza mwishoni kuna nini, ananiambia, "Utafika tu." Na wote waliofika aliwakataza wasiniambie.

Mimi ni mtu wa kutembea. Nimekata miwa Awendo, nimepakia samaki Muhuru Bay, nimeuza sufuria sokoni Rodi Kopany, nimevuka mpaka kwenda Tanzania nikarudi, nikavuka tena. Shule nilisoma kwa vipande, darasa moja huku, lingine kule, kufuatana na baba alipopata kazi. Trizah aliyajua hayo yote kabla hajakubali kuolewa nami. Alilalamikia kitu kimoja tu, kwamba nikiwa nyumbani nakula na viatu miguuni.

"Unakula kama mtu wa kupita," alikuwa anasema.

"Si nimekaa?"

"Umekaa, lakini viatu vyako vimesimama."

Alikuwa mwalimu wa taipu katika chuo kidogo Migori mjini. Chuo kilipopata kompyuta mpya, zile za kwanza zikatolewa, naye akaja na moja nyumbani kwetu Muhuru. Ilikuwa sanduku la rangi ya maziwa yaliyolala, na kioo chake kama runinga ndogo, na mdomo mwembamba wa kumeza disketi. Jioni baada ya kazi alikuwa anakaa mbele yake na kitabu kinene cha mafundisho, midomo ikichezacheza kama mtu anayesali. Nikaondoka kwenda Tanzania. Niliporudi, mchezo ulikuwepo.

Ulikuwa mchezo wa kuanika omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Kwenye kioo unaona ufuo, neti imetandazwa, omena juu yake ni vidoti vyeupe, na nyumba moja pembeni. Kunguru wanakuja, korongo anakuja na ule mwendo wake wa mzee aliyevaa koti, nawe unawafukuza kwa vidole. Wakishaondoka wote, jua linatokea upande mmoja wa kioo na neno moja linaandikwa: NGOJA. Baada ya hapo hakuna kinachotokea. Yaani mimi nilikuwa naona hakuna kinachotokea. Jua linasogea polepole mno, hulioni likisogea. Ukigusa kibodi, omena wanamwagika mchangani na kunguru wanarudi.

Kuna jambo lingine kuhusu mchezo huo. Haukuhitaji kitu kingine chochote. Unatia disketi, unawasha stima, na kunguru hao. Kompyuta haikukuuliza jina wala unataka kufanya nini leo.

Mwalimu Bichage, aliyefundisha kompyuta pale chuoni, alikuja siku moja kula samaki akauona. Alitikisa kichwa.

"Madam, hapa umekosea. Mchezo hauwezi kuamka wenyewe hivi. Kwanza uamke mfumo unaoendesha kompyuta, halafu mchezo uombe nafasi kwa mfumo. Ule mfumo ndio mwenye boma."

"Na mimi ni nani?" Trizah akauliza.

"Wewe ni mwenye kompyuta."

"Basi mwenye boma ni mimi. Mchezo wangu ni mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hapigi hodi."

"Sasa mashine ikibadilika? Huu umezoea mapigo ya moyo wa hii moja. Ukiupeleka kwenye yenye mbio, utachanganyikiwa."

"Mwalimu, nikicheza nacheza. Sitaki mtu asimame kati yangu na mashine yangu akiniuliza kama nina uhakika. Ongeza samaki."

Bichage akaongeza samaki, lakini alisema siku moja tutamkumbuka.

Trizah alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Amelala upande wa kushoto wa nyumba. Mimi niliendelea kutembea kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine, ila sasa kila safari yangu ilikuwa inapinda na kurudi Muhuru. Nafika, nafuta vumbi kwenye lile sanduku, naliwasha, nafukuza kunguru, nafika kwenye NGOJA, nashindwa. Sikujali sana kushindwa. Nilikuwa najua bado kuna jambo moja ambalo Trizah hajaniambia, na mtu ambaye bado ana neno la kukuambia hajaondoka kabisa.

Halafu asubuhi moja nikawasha, ikatoka harufu ya mpira unaoungua, kioo kikawa cheusi. Nikawasha tena. Ikawa hivyo hivyo.

Nilifunga disketi kwenye leso ya Trizah, nikapanda kwenda Homa Bay.

Watu walinielekeza kwa Lorine, binti mwenye duka la kutengeneza simu na kompyuta karibu na soko la samaki. Nilimkuta ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo. Hakucheka alipoiona disketi. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Mzee, hii nimeiona kwa picha tu," alisema. "Lakini chombo cha kuisomea ninacho. Ninunue nisinunue vitu vya zamani, mume wangu analalamika vilevile, kwa hivyo nanunua."

Alihangaika nayo kidogo. Kile chombo kililia kama mtu anayesaga meno, kisha akaniambia disketi ni nzima. Nilitafuta mahali pa kukaa.

"Sasa sikiliza, baba. Huu mchezo haujui mfumo. Unaenda moja kwa moja kwenye chuma. Laptopu za siku hizi hazikubali mgeni wa namna hiyo, zitamfungia nje. Lakini nina moja mzee hapa chini ya meza. Hiyo haina maringo."

Akainakili disketi kwenye flashi, akaichomeka kwenye ile laptopu mzee, akaiwasha. Ufuo ukatokea. Nilisimama. Ulikuwa ni ufuo wetu, na nyumba yetu pembeni na dirisha lake moja. Kisha kunguru wakaja. Walikuja kama risasi, nikanyoosha kidole na kabla hakijafika omena walikuwa wamekwisha. Lorine akajaribu, vidole vyake vya msichana, naye akashindwa.

"Mapigo ya moyo," nikasema.

"Umejuaje?"

"Kuna mwalimu alisema."

"Alisema kweli. Mama aliyeutengeneza alipima mwendo kwa mashine yake yeye. Kompyuta inahesabu moja, mbili, tatu mpaka mahali, ndipo kunguru anapiga hatua. Hata hii mzee inahesabu kabla hujapepesa jicho. Angepitia kwa mfumo, angesema tu, nipe muda wa kiasi fulani, na mfumo ungempa muda uleule kwenye mashine yoyote mpaka mwisho wa dunia."

"Trizah alisema mtu wa nyumbani hapigi hodi."

"Nyumba ikiwa ni ile ile, sawa. Lakini nyumba imeungua, baba."

Hakusema kwa ubaya.

Alichukua laptopu yake nyingine, ile mpya, akaniambia kuna njia. Angetia humo programu inayojifanya mashine ya zamani. Mchezo wa Trizah ungeamka ndani yake ukidhani uko kwenye chuma chake, kumbe umelala ndani ya mfumo kama mtoto kwenye mbeleko. Na ile mbeleko ina mwendo unaoweza kupunguzwa na kuongezwa. Alifanya hivyo, akapunguza, akapunguza, hadi korongo akaja na mwendo wake wa mzee mwenye koti. Hapo niliweza kumwambia, "Ni huyo." Tuliwafukuza. Jua likatoka. NGOJA.

Tukangoja. Lorine akatengeneza simu moja akamaliza. Jua halijasogea, au limesogea sana, sikujua.

"Kulikuwa kunachukua muda gani hapa?" akaniuliza.

"Sijui. Sijawahi kungoja mpaka mwisho."

Aliniangalia, kisha akafungua kitu kingine kwenye kioo, mistari ya maandishi ambayo kwangu ilikuwa kama nyayo za kuku.

"Mwendo wa kunguru unaweza kuukisia kwa macho," alisema, "lakini kosa dogo pale linakuwa kubwa hapa. Na nimeona kitu. Hapa kwa kungoja, kompyuta inahesabu bure. Haifanyi kitu. Mama alikuwa mpya kwa kazi hii, watu wapya huacha mashimo kama haya. Nikilikata hili shimo utaona mwisho sasa hivi. Ama nikusomee tu, maana maandishi ya mwisho yako hapa. Ni machache."

Mkono wangu ulikuwa mezani. Nakumbuka nilitazama mkono badala ya kioo. Kitu ambacho nilikuwa nakitaka kuliko vyote kilikuwa upana wa meza mbali nami, na binti wa watu alikuwa tayari kukisema kwa mdomo wake, huku redio ya jirani ikitangaza bei ya sementi.

"Usinisomee," nikasema.

"Nikate basi?"

"Usikate. Ngoja niulize mtu."

Lorine alifunga yale maandishi. "Wewe mzee una moyo. Mimi ningekuwa nimeshasoma." Akacheka kidogo. "Nimeshasoma, kwa kweli. Samahani."

"Usiseme kitu."

"Sisemi."

Akaniachia ile laptopu mpya niende nayo nyumbani, akanionyesha vibonye viwili, kimoja cha kupunguza mwendo, kingine cha kuongeza. Nikamwambia mimi nikibonyeza chochote wakati wa kungoja, omena wanamwagika.

"Hivi viwili havimwagi," alisema. "Havifiki kwa mchezo. Mfumo unavishika mlangoni. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na mtu mlangoni, baba. Hata mwenye mikono isiyotulia anaweza kuishi hapo."

Phelesia nilimkuta ufuoni na wanawake wengine, omena wametandazwa kwenye neti mpaka karibu na majani. Aliniona kwa mbali.

"Jawuoth amerudi," aliwaambia wenzake, na jawuoth kwetu ni mtu wa safari. "Leo amebeba nini? Isiwe ni sufuria tena."

"Nimebeba mchezo wa dada yako, yuora."

Akaacha kucheka. Mimi na yeye tunaitana yuora, shemeji, lakini kwa namna alivyonitazama hapo alikuwa anatazama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Niliweka laptopu juu ya meza kwenye kivuli cha paa la banda, kando ya jikoni, nikamweleza. Mwendo umepotea. Fundi anasema pale kwenye kungoja pana shimo, kompyuta inahesabu bure, na hatujui shimo lina urefu gani.

"Shimo?" Phelesia akasema. "Huyo fundi wako ni wa wapi?"

"Homa Bay mjini."

"Ananunua omena kwa kopo huyo. Hajawahi kuanika." Wenzake wakacheka. "Trizah alikaa wapi wakati wa kungoja?"

Nikafikiri. Nilijaribu kumwona kwenye kiti mbele ya lile sanduku, na sikumwona.

"Hakuwa amekaa," Phelesia akasema. "Alikuwa hapa. Jumamosi asubuhi tunatandaza, anaingia ndani anafukuza kunguru wake wa kioo, anafika kwa ngoja, anatoka anakuja kukaa nasi. Jua la ndani linaenda na jua la nje. Likifika juu ya paa la ile nyumba ya kioo, mashine inalia, tunasikia mpaka hapa, tunajua upande wa juu umekauka. Tunageuza. Yeye ndiye alikuwa na haraka nyingi kama wewe, anageuza kabla, omena wanakatika vichwa. Akajitengenezea kengele. Mvua ikiwa karibu tulikuwa hatuisikilizi, lakini siku ya jua ilikuwa haikosei sana."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukija kugeuza nasi hata siku moja, utaisikia yenyewe." Akapangusa mikono kwenye leso. "Ulikuwa ukirudi unakaa ndani na mashine, sisi tuko nje."

Kesho yake walipotandaza asubuhi, niliwasha mchezo wakati uleule. Nilifukuza kunguru nikafika kwenye NGOJA, nikabaki pale kwenye stuli, macho juu ya jua la Trizah na masikio kwa Phelesia. Nikiona jua la kioo linakimbia mbele, napunguza. Linabaki nyuma, naongeza. Omena hawakumwagika. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nagusa na kugusa, na mchezo unaniacha. Nilimshukuru Lorine moyoni, na Bichage pia, nikaomba Trizah asinisikie.

Phelesia alikuwa anapitisha kiganja juu ya omena kila mara. Wakiwa bado, wanashika ngozi. Wakiwa tayari, wanakwaruza tu na kuanguka. Aliponiambia "karibu," jua la kioo lilikuwa karibu na paa. Nilijua mwendo nimeupata.

Hapo kikatokea kiboksi katikati ya kioo, juu ya nyumba yetu, juu ya jua. Kilisema mfumo unataka kujisasisha, nichague sasa au baadaye. Nilishtuka kama mtu aliyekuta askari kitandani kwake. Nikabonyeza kitu kukiondoa. Kikaondoka, na kidole changu kikapita hadi ndani. Omena wakamwagika. Kunguru wakarudi.

"Umefanya nini?" Phelesia akaita.

"Sikufanya. Mwenye boma ndiye amekuja kuuliza kama nina uhakika."

Nilimpigia Lorine. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Pole, baba. Hiyo ni makosa yangu, sikuzima intaneti. Nitakuelekeza, halafu mchezo utajaza kioo chote na hakuna atakayebisha."

"Sasa unaona Trizah alisema nini?"

"Naona. Alikuwa na haki. Nusu."

"Nusu ipi?"

"Ile ya kuzima kila kitu. Ile ya mwendo bado nampa yule mwalimu."

Siku iliyofuata mawingu yalikuwa mbali, upande wa Tanzania. Niliweka mwendo pale pale nilipoupata jana, nikafukuza kunguru, nikafika kwenye NGOJA. Kisha nikainuka. Hilo ndilo lilikuwa gumu. Vidole vyangu vilikuwa bado vinataka vile vibonye viwili. Nikaviacha, nikatembea hadi kwenye neti, nikapiga magoti karibu na Phelesia.

"Usiburute," aliniambia. "Pitisha kiganja tu. Hapana, wewe unapiga ngoma hapo. Polepole."

"Hivi?"

"Hivyo. Dada yangu aliolewa na hii mikono kweli?"

Wanawake wakacheka, nami nikacheka. Jua lilipanda. Nilitamani mara kadhaa kugeuka nitazame kwenye banda, shingo ikaanza kupinda, nikairudisha. Nilimfikiria Trizah akiwa mahali hapa hapa, magoti kwenye mchanga huu, akingoja sauti yake mwenyewe imwite. Jumamosi ngapi alikuwa hapa, nami niko ndani nikipigana na kioo au niko Awendo juu ya trekta la miwa. Sikuwa nalia. Nilikuwa napitisha kiganja. Na nikahisi omena wanaacha kushika, mmoja, kisha kundi, wanakwaruza kama mchele mkavu.

"Phelesia," nikasema, "nafikiri wame—"

Mashine ikalia. Ilikuwa mlio mwembamba, mara mbili, halafu mmoja mrefu, kama Trizah alivyokuwa akipiga mluzi kuita kuku.

Phelesia akanipiga begani kwa mgongo wa mkono. "Nenda. Sisi tutageuza."

Nilienda. Kwenye kioo, omena walikuwa wamekusanywa kwenye gunia mlangoni pa nyumba. Jua lilikuwa juu ya paa. Dirisha moja la nyumba lilikuwa limewaka manjano, na chini yake maneno machache, kama Lorine alivyosema.

UMEKULA?

Hapo ndipo nikakumbuka watoto wa majirani. Walikuwa wakitoka kwenye mashine wanaelekea jikoni moja kwa moja, wala hawaombi, na Trizah anawapakulia nyoyo, mahindi na maharagwe, kutoka kwenye chungu. Mimi nilidhani ni njaa ya watoto tu. Na nikakumbuka kwamba kila nilipofika kutoka safari, kabla hajaniuliza nimetoka wapi na kwa nini nimechelewa, lilikuwa ni neno hilo hilo, kutoka jikoni, kabla sura yake haijatokea.

Nikaandika HAPANA. Vidole vilinichukua muda.

Kioo kikafutika, kikabaki na maneno mawili ya Dholuo, na doa dogo linalomemeteka mwishoni.

BED PINY.

Keti chini. Nilingoja nione kama kuna kingine. Hakikuja. Lorine alikuwa ameniambia hilo, kwamba mchezo usiojua mfumo hauna pa kukurudisha ukiisha. Hauna mlango wa kutokea. Unabaki hapo hapo mpaka mtu akate stima.

Phelesia alifika nyuma yangu, mikono yake inanuka ziwa. Alisoma, ingawa alishasoma mara nyingi.

"Mtu akiandika ndiyo?" nikamwuliza.

"Inasema hivyo hivyo."

Tukatazama lile doa likiwaka na kuzima.

"Chaji itaisha," alisema.

"Wacha iishe yenyewe."

Akaingia jikoni. Nilimsikia akifunua sufuria. Nikavuta stuli, nikakaa mbele ya ile mashine, nikainama nikafungua kamba za viatu, kimoja, kisha kingine, nikavisukuma chini ya meza kule ambako havifikiki kwa urahisi.

Phelesia alirudi na sahani akasimama mlangoni, akatazama miguu yangu.

"Heh," aliwaita wenzake ufuoni. "Kujeni muone. Jawuoth amevua viatu mchana."